Maua Yasiyoingia Wodini

Maua yalizuiwa mlangoni. Mama mmoja wa jumuiya yetu ya Watanzania alikuwa amekuja nayo kutoka upande wa pili wa mji, yamefungwa kwa karatasi ya nailoni, mekundu na ya njano, na muuguzi wa zamu akamwambia kwa upole kwamba hayawezi kupita. Wala udongo, wala maji ya chombo cha maua, wala jani bichi. Alisema kwamba kwa mtu ambaye damu yake haina askari hata mmoja, ukungu ulio kwenye ua moja unaweza kumuua. Yule mama aliyaacha mapokezi, akanikumbatia, akaondoka akilia kuliko nilivyokuwa nikilia mimi.

Binti yangu aliyaona yote kupitia kioo cha mlango. Nilipomaliza kunawa mikono, nikavaa maski na kuingia, hakuniuliza mgeni ni nani.

"Baba, nje kumeshachanua?"

Aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili anakielewa chote, hata mafumbo ambayo mama yake huyatumia kwenye simu, lakini tangu alipoanza shule majibu yake yamekuwa ya Kiingereza. Hapa nayaandika maneno yake kwa lugha iliyo karibu na moyo wangu, maana ndivyo ninavyoyakumbuka.

Nilimwambia ndiyo, kumechanua. Akageuza uso dirishani. Chumba chake kilikuwa juu sana, na alichoweza kuona ni paa la jengo la kuegeshea magari, kipande cha barabara kuu, na mbingu.

Alikuwa na miaka ishirini, mtoto wetu pekee, mwaka wa pili chuoni akisomea uchoraji. Mimi ni mhasibu. Nilitoka Tanga kuja Minnesota kusoma, nikapata kazi, nikabaki. Mama yake ni Mkenya wa Kericho, muuguzi kwenye nyumba ya wazee huko Columbia Heights; tulikutana kanisani, kama wengi wetu hapa. Nyumba yetu iko Inver Grove Heights, na nyuma yake kuna msitu unaoteremka hadi Mto Mississippi. Mtoto alikulia kwenye msitu huo. Tangu akiwa mdogo, theluji ikianza kuyeyuka, ungemkuta amekaa kwenye gogo bichi, magoti yamelowa, akichora ndege.

Kabla ya ugonjwa alikuwa ameanza kazi yake kubwa ya chuo, turubai ya kuchorea yenye urefu wa mlango. Matawi ya msitu wetu aliyachora wakati wa vuli, miti ilipobaki mitupu. Maua na ndege alipanga kuviweka majira ya kuchipua, akivitazama kwa macho, maana hakupenda kuchora kitu ambacho hakukiona. Kisha zikaanza kumtokea alama za bluu miguuni bila kujigonga popote. Fizi zikatoa damu. Tukaambiwa ni saratani ya damu.

Msimu wote wa baridi ulipita kwenye dawa. Ilipoonekana dawa peke yake hazitoshi, daktari, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alituambia kilichobaki ni kupandikiza uboho wa mifupa ya mtu mwingine. Ndugu wa tumbo moja hakuwa naye. Miongoni mwa watu waliojitolea nchi nzima hakupatikana anayelingana naye. Mimi na mama yake, kila mmoja alilingana naye nusu, na wakanichagua mimi.

Nilidhani siku hiyo ingekuwa kubwa. Kilikuwa kimfuko chekundu kilichoning'inia kwenye mlingoti wa chuma, na uboho wangu ukamwingia kwa mpira mwembamba, mchana kweupe, kwa muda usiozidi wa kupika wali. Chumba kikanuka kama mahindi ya kopo. Muuguzi alisema ni dawa inayotumika kuuhifadhi. Halafu tukaanza kusubiri chembe zangu ziote ndani yake.

Basi siku ile ya maua nilitoa simu nikamwonyesha picha nilizopiga nyuma ya nyumba. Aliisukuma simu kwa kidole kimoja.

"Hapo simu ndiyo iliyoona. Wewe hukuona kitu. Nichoree."

"Mwanangu, mimi sijui kuchora hata nyumba."

"Na mimi siwezi." Akainua mkono. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeanza kubanduka, na vidole vilitetemeka hata asipokuwa ameshika chochote. "Nenda ukatazame, halafu uje uchore hapa mbele yangu."

Muuguzi alinipa masharti. Penseli za rangi ziwe mpya, ndani ya pakiti yake. Rangi za maji, hapana. Kalamu zenye harufu, hapana, zingemtapisha. Kila karatasi iingizwe kwenye mfuko wa plastiki unaoweza kufutwa kwa dawa, ndipo ibandikwe ukutani. Nilikubali yote haraka haraka, kama mtu aliyepewa kazi baada ya kukaa muda mrefu bila kazi.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya ndege mwekundu mwenye kishungi, ambaye hukaa kwetu mwaka mzima. Niliichora nikiwa nimekaa kando ya kitanda, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Nilipomwinulia karatasi aliitazama kwa muda.

"Huyu ni kuku anakwenda harusini," akasema, akacheka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Kinywa chote kilikuwa vidonda. Kicheko kilimtoa machozi.

Nilitaka kuichana. Akanikataza.

"Ibandike. Lakini kesho usianze na ndege, anza na tawi. Angalia tawi limelemewa wapi. Ndege ana uzito, Baba, hata akiwa mdogo namna gani. Wa kwako anaelea."

Kesho yake nilishuka msituni asubuhi kabla ya kwenda hospitali. Miaka yote niliyoishi pale nilikuwa nimeuona msitu ule kama mahali pa kupitishia mbwa wa jirani. Sasa nilisimama kwenye matope nikatazama. Vichaka vya plamu mwitu vilikuwa vimefunikwa maua meupe kiasi kwamba huoni tawi, na jani hata moja lilikuwa bado halijatoka. Harufu yake ilikuwa tamu, ya kukaribia kuchefua. Kwenye mti uliokufa ndege alikuwa akigonga, anapumzika, anagonga. Juu zaidi, kwenye vilele, kulikuwa na vijindege vya njano vinavyopita kuelekea kaskazini, vidogo kama kidole gumba, havitulii hata uhesabu mabawa.

Sikuwa na majina yao ya Kiingereza. Binti yangu alikuwa nayo yote, lakini mimi nilimletea majina ya kwetu. Yule mgongaji nikamwita kigogota, na hapo sikuwa mbali. Yule wa rangi ya chungwa na kichwa cheusi, anayeimba kwenye mtufaa mwitu, nikamwita kurumbiza, kwa kuwa ndiye aliyefanana naye katika shamba la bibi yangu. Vile vya njano nikaviita chiriku, nikijua nakosea.

"Kurumbiza," akasema yeye. Akalirudia taratibu, midomo ikimuuma. "Kurumbiza. Kigogota. Chiriku." Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Kiswahili niliyomsikia akiyatamka kwa hiari yake tangu akiwa mdogo. Nikaugeukia mlingoti wa dawa nikajifanya nasoma mashine.

Tukaendelea hivyo. Ukuta ulioelekea kitanda ukaanza kujaa. Alinifundisha kuacha karatasi nyeupe iwe ndiyo ua, na kutia kivuli cha kijivu pembeni yake, badala ya kupaka weupe juu ya weupe. Alinifundisha kwamba jicho la ndege lina nukta ya mwanga, na usipoiacha nukta hiyo umechora maiti. Siku nyingine alikuwa na nguvu ya kunisahihisha, siku nyingine alifumba macho nikamweleza tu nilichokiona, naye akitikisa kichwa kuonyesha anasikia. Kwenye ubao wa chumba, kila asubuhi, muuguzi aliandika idadi ya chembe nyeupe za damu. Kila asubuhi aliandika sifuri.

Mama yake hakufurahia. Alikuwa anatoka kwenye shifti yake Columbia Heights na kuja moja kwa moja wodini, viatu vya kazi miguuni. Asubuhi moja alinisubiri kwenye korido.

"Mtoto ameamka akakuulizia," akaniambia. "Nikamwambia baba yako ako msituni. Unajua inasikika aje, mzee? Mimi nime-drive kutoka job bila kulala, na wewe unaangalia ndege."

"Yeye ndiye aliyenituma."

"Najua amekutuma. Anakutuma kwa sababu ukikaa kwa hicho kiti unatetemeka, na anakuona. Anakuhurumia wewe. Mtoto mgonjwa ndiye anakutafutia kazi."

Yeye amewaona watu wengi wakifa, ni sehemu ya kazi yake, na alijua kusoma ule ubao kuliko mimi. Sifuri yangu ilimaanisha kesho itabadilika. Yake ilikuwa imeanza kumaanisha kitu kingine. Tulisimama pale bila kugusana, kisha akaingia ndani, nikamsikia akimwimbia wimbo wa Kikipsigis ambao mimi siuelewi.

Halafu homa ikaja. Ilipanda mchana mmoja na haikushuka. Wakamwongezea dawa, wakampiga picha za kifua, mlingoti wa chuma ukawa na mifuko hadi hapakuwa na ndoano iliyobaki. Daktari alituita kwenye chumba kidogo chenye kochi na boksi la karatasi laini, na nilipoliona lile boksi nilijua.

"Bado hatuzioni chembe za baba ndani yake," akasema. "Tulitarajia kuziona kufikia sasa. Inawezekana hazikushika."

"Maana yake mwili wake umenikataa," nikasema.

"Hatusemi hivyo. Hakuna aliyekosea."

"Lakini ni zangu."

"Ndiyo," akasema. "Ni zako."

Mama yake aliuliza maswali ya kitabibu, kwa sauti ya kazini. Mimi sikusikia tena kitu. Nilichofikiri ni kwamba nilikuwa nimempa mwanangu kitu kimoja cha kumwokoa, kutoka ndani ya mifupa yangu, nacho kikafika kwake kikakaa bure.

Siku zilizofuata nilichora kama mwendawazimu. Sikuweza kusali. Kila nilipoanza, maneno yaliishia kwenye jina lake. Nilikwenda msituni kukiwa na ukungu, nikarudi, nikachora mtufaa mwitu ukiwa umechanua rangi ya waridi, kurumbiza ndani yake, chiriku kila tawi. Ukuta ulipojaa nikabandika dirishani. Nilijiambia kwamba akifungua macho na kuuona msitu wote uko pale, atapata sababu. Sijui sababu ya nini. Picha zilikuwa zimeanza kuwa nzuri, na nalisema hili kwa uchungu. Ndege walikuwa wamepata uzito. Macho yao yalikuwa na mwanga. Hakuna aliyeziangalia.

Kisha alasiri moja alifungua macho, akautazama ukuta, akaanza kujikunyata kuelekea kichwani mwa kitanda.

"Watoe," akasema.

Nikadhani anasema wauguzi. Nikamuuliza akina nani.

"Ndege. Baba, watoe. Wananidonoa." Akaweka mikono yote miwili mdomoni, na damu kidogo ikapita kati ya vidole. "Wananidonoa mdomoni. Wananitazama wote."

Nilimwambia ni karatasi tu, ni zile tulizochora pamoja. Alinitazama kama mtu anayeona mlango umefungwa mbele yake, akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa mchanga. Mama yake alimkumbatia kutoka nyuma, akaniambia kwa utulivu, "Toa. Toa zote sasa hivi."

Nikatoa. Plastiki zilipiga kelele zikibanduka, na kila kelele ilimshtua, kwa hiyo nikawa nabandua polepole, na polepole ikawa mbaya zaidi kwa kuwa waliobaki waliendelea kumtazama. Muuguzi aliingia akaanza kunisaidia upande wa dirisha. Juu kabisa kulikuwa na kigogota ambaye sikumfikia, na sikukumbuka nilimbandikaje pale. Muuguzi alikuwa mrefu kuliko mimi, akamshusha. Tulipomaliza ukuta ulikuwa mweupe, wenye alama za gundi, na mwanangu alikuwa amelala kwenye kifua cha mama yake, mdomo wazi.

Sikuchora tena. Nilikaa kwenye kile kiti. Nilitetemeka, na hakuna aliyenituma popote. Mama yake aliomba likizo akaja na blanketi lake, tukakaa wawili, mmoja kila upande wa kitanda. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na nilipokwenda nyumbani kubadili nguo nikakuta maua ya plamu yote yako chini, yamegeuka kahawia kwenye matope. Nilipita bila kusimama.

Daktari alisema watajaribu mara nyingine na chembe zangu, na kwamba baada ya hapo hana la kutuahidi. Nikalazwa kwenye kiti cha kuegemea, sindano mkono huu na sindano mkono huu, damu ikitoka, ikipita kwenye mashine, ikirudi. Sikuwa na mkono wa kujipangusa uso. Mama yake alisimama pale akinipangusa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya korido akaongea nami kama mke.

"Tukimpoteza," akasema, "usiende msituni ukaniacha."

"Siendi."

"Niambie tena."

"Siendi popote."

Wakampa zile chembe. Homa ilikaa, ikashuka, ikarudi. Ubao ulisema sifuri, na sifuri, na sifuri, mpaka nikaacha kuutazama. Asubuhi moja muuguzi aliandika na kuondoka bila kusema neno, na mama yake, aliyekuwa akikunja blanketi, akainua macho akasoma. Aliketi sakafuni, palepale, na blanketi mkononi. Ilikuwa tarakimu ndogo sana, yenye nukta mbele yake. Siku iliyofuata iliongezeka kidogo, ikashuka, ikaongezeka tena. Hatukusherehekea. Tuliogopa hata kulitaja jambo hilo mbele ya kitanda.

Alitoka hospitali katikati ya kiangazi, mwepesi, hana nyusi, anatembea akishika ukuta. Siku ya kufungasha, muuguzi alileta mfuko alimokuwa ametunza zile picha zote, zimepangwa vizuri. Binti yangu aliuona mfuko akajua kilichomo.

"Usizipeleke nyumbani," akasema.

"Hata hukumbuki zilivyokuwa mwishoni," nikasema. "Nilikuwa nimejifunza."

"Nakumbuka. Baba, tafadhali."

Mama yake akaniuliza kama nataka azitupe yeye. Nikasema hapana. Nilibeba mfuko hadi kwenye pipa la karatasi karibu na lifti, na kwa kuwa plastiki haziruhusiwi mle, nilizitoa moja moja, kuku wa harusini na wenzake, plastiki huku, karatasi kule. Nililia mbele ya watu waliokuwa wakisubiri lifti.

Anaishi. Ni neno kubwa na ninalisema kwa hofu. Chembe zangu zimemkaa, na mara nyingine zinamshambulia, ngozi inawaka, macho yanakauka, anameza vidonge. Alirudi chuoni kusomea mipango ya miji. Ile turubai ya matawi alimpa mwanafunzi mwenzake apake rangi juu yake achore kitu kingine. Aliniambia siku kadhaa baadaye, kwa ujumbe wa simu. Penseli nilizomnunulia na kumwachia mezani niliziona baadaye kwenye droo pamoja na betri na funguo zisizo na kazi. Ua likichanua anapandisha kioo cha gari. Anasema harufu ile inamrudisha kule wodini, ingawa kule hakukuwa na ua hata moja la kweli.

Mei iliyopita nilimpeleka kupimwa damu, kisha tukaenda mtaa wa Frogtown kula supu ya tambi kwa Wavietnam, kwenye University Avenue, mahali anapopapenda. Mbele ya mgahawa kuna mtufaa wa mapambo, na ulikuwa umechanua hadi shina halionekani. Alichagua kiti kinachotazama ukuta. Mimi nikakaa kile kinachotazama barabara. Tuliagiza. Alinitazama akiviringisha kijiti cha kulia tambi.

"Baba, unanisubiri."

"Nakusubiri vipi, si umekaa hapo?"

"Unasubiri nichore. Kila mwaka maua yakitoka unanitazama hivyo hivyo. Usinisubiri. Huenda sitachora tena kabisa."

Nilimwambia sawa. Haikuwa sawa, na alijua, lakini aliiacha ipite.

"Wewe ukitaka kuchora, chora," akasema. "Usinionyeshe tu."

"Sichori."

"Kweli?"

"Kweli."

Alionekana kusikitika kidogo, kisha supu zikaja, akaanza kuchana majani ya mrehani na kuyatia kwenye bakuli lake. Majibu ya damu yalikuwa bado. Simu yake ilikuwa mezani kati yetu, na kila ilipowaka sote wawili tuliacha kutafuna.